Wawindaji wa Vifaru: Spidi Bila Ngao

Leo tuweke programu kando kidogo tuongee juu ya mashine za vita. Someni hadi mwisho, mtaona mambo ni yale yale.

Mwaka 1940 vifaru vya Ujerumani viliiangusha Ufaransa kwa wiki sita hivi tu. Huko Marekani wakuu wa jeshi wakashtuka. Jenerali Lesley McNair alikuwa na wazo lake: kifaru ni ghali, kwa nini ukitumie kupigana na kifaru kingine? Afadhali gari jepesi lenye mzinga mkali na mbio. Vikosi vya magari hayo vikae nyuma vikingoja, kila kikosi na mizinga 36. Vifaru vya adui vikipenya kwa wingi, wao wanakimbia pale, wanavizia, wanapiga, wanahama.

Gari lililokaribia kabisa ndoto hiyo ni M18, maarufu kama Hellcat, lililotengenezwa na Buick. Ndiyo, hao hao wa magari ya kawaida! Lilikuwa na mzinga wa milimita 76, na barabarani lilipita kilomita 80 kwa saa. Lakini mbio zina bei yake. Chuma cha bodi kilikuwa na unene wa milimita 13 hivi tu, na kibanda cha mzinga hakikuwa na paa. Askari waliomo waliona vizuri pande zote, sawa, lakini mvua, theluji na vipande vya mabomu viliwaangukia moja kwa moja.

Sasa shida ilikuwa wapi? Gari lilifanya kile lilichoagizwa kufanya, ila agizo lenyewe lilihusu vita vya 1940. M18 ilipofika Ufaransa mwaka 1944, mara nyingi Wajerumani ndio waliokuwa wakijilinda, wamejificha na vifaru vichache vichache. Makamanda wakavigawa vikosi, magari mawili huku, matatu kule, yasindikize askari wa miguu. Hiyo ni kazi ya kifaru, bila ngozi ya kifaru. Hata Desemba 1944, Wajerumani waliposhambulia kweli kule Ubelgiji, M18 zilizosaidia kuwachelewesha Noville, karibu na Bastogne, zilikuwa chache tu, zikipigana pamoja na askari wa miavuli.

Vifaru vingi walivipiga, hilo halina ubishi. Lakini baada ya vita kwisha 1945, jeshi liliamua kwamba dawa ya kifaru ni kifaru bora, na vikosi hivyo vikavunjwa.

Sisi waandishi wa programu tunajua hadithi hii. Mteja anakuletea orodha ya mahitaji iliyotokana na tatizo la mwaka jana, nawe unaijenga vizuri kabisa. Kabla hujaanza, muulize: hali bado ni ile? Programu tunaweza kuirekebisha wiki ijayo. Wale vijana watano ndani ya kila M18 waliingia vitani na toleo walilopewa.