Swali Nililoulizwa Mudhairib, na Jina Ambalo Sikuliuliza

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki iliyopita, baada ya darsa la Ishaa hapa Inyonga, vijana wawili walibishana mpaka nikalazimika kurudi kuketi. Mmoja anasema Waarabu walituletea dini, kwa hiyo tusitaje kitu kingine juu yao, ni utovu wa adabu. Mwenzake anajibu: walituletea minyororo, na dini ilikuwa kisingizio. Wakanigeukia. "Sheikh, amua."

Sikuamua usiku ule. Niliwaambia nitaandika, kwa sababu jibu langu lina safari ndani yake, na safari hiyo nimekaa nayo miaka mingi bila kuieleza mimbarini.

Wengi wenu mnajua kwamba niliwahi kuishi Oman. Sikwenda kusoma, msije mkanipa ukubwa ambao sina. Nilikwenda kubeba mizigo ghalani. Tulikuwa watu sita chumba kimoja, mtaa wa Ruwi, Muscat: mimi wa Katavi, wawili wa Tanga, Mpemba mmoja, Mganda wa Iganga na mzee mmoja wa Mombasa aliyekuwa akikoroma kama mashine ya kusaga. Jiko moja na choo kimoja. Pasipoti zetu alikuwa nazo kafili, kila mmoja na kafili wake, na sisi mfukoni tulibaki na bataka tu. Ukitaka kuondoka kazini kabla ya muda, unaondokaje na pasipoti imefungiwa kabatini kwa mtu? Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Iddi el-Fitri ya mwaka 2004, siku ya tatu, Mpemba alikuja na habari. Alikuwa dereva wa familia moja, na tajiri wake, Allah amlipe kheri, alimwachia Land Cruiser ya zamani kwa siku mbili. Akasema, "Jamani, mmekaa hapa mwaka mzima mnaona kuta. Twendeni mkauone mchanga." Mzee wa Mombasa alikataa kwa sababu ya mgongo. Tukaenda watano, na sufuria la pilau, na dumu mbili za maji.

Barabara inatoka Muscat, inapita Bidbid, halafu inaingia kati ya milima mikavu isiyo na mti hata mmoja. Mimi niliyezaliwa ndani ya miombo, ambako ukitazama huku ni mti na kule ni mti, niliona kama ardhi imevuliwa nguo. Unashuka, unafika Ibra. Hapo tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, tukazipunguza rakaa, kwa ruhusa ambayo Allah Amempa msafiri katika Suratun Nisaa. Mganda akauliza kama ruhusa hiyo inamfaa mtu aliyesafiri kwa starehe. Nilimjibu kwamba inamfaa, maadamu starehe yake si haramu. (Wanaonitumia swali hili kila mwezi, jibu ndilo hilo.)

Mbele ya Ibra ni Bidiya, na hapo mchanga unaanza ghafla, kama ukuta. Huo ndio mchanga wa Wahiba, umepewa jina la kabila la Mabedui wa huko. Kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 180. Vilima vyake vingine vinafika mita 100 kwenda juu, rangi ya tangawizi. Mpemba, dereva hodari wa lami, aliingia kwa kasi na hatukufika hata kilomita mbili. Gari likazama mpaka kwenye ekseli. Tukachimba kwa mikono na sahani za pilau. Kadiri tulivyochimba ndivyo lilivyozidi kuzama.

Akatokea mzee wa Kibedui na pikapu yake. Hakutucheka, ingawa ilikuwa haki yake. Alipiga magoti, akatoa upepo katika matairi yote manne mpaka yakalala kama chapati, akaingia, akalitoa gari kwa kurudi nyuma polepole. Tairi lenye upepo mwingi linachimba, tairi laini linatandaza uzito juu ya mchanga. Tukataka kumlipa, akakataa, akatuamrisha twende tukanywe kahawa kwa jamaa zake Mudhairib kabla ya usiku.

Na kisa changu kimeanzia hapo Mudhairib.

Ni mji mdogo kati ya Bidiya na Ibra, una mitende, una falaj, yaani mfereji wa kale unaoleta maji mashambani, na una nyumba kubwa za udongo na mawe zenye milango ya kuchongwa. Niliitazama milango ile nikasema moyoni, hii si nimeiona Ujiji? Tuliingizwa kwenye sabla, ukumbi wa wanaume. Magharibi ilipofika tukasali nao. Wao ni Maibadhi, mikono yao imeteremka pembeni, nasi Mashafii tumeifunga kifuani, na hakuna aliyemtazama mwenzake vibaya. Baada ya sala mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akauliza kwa Kiswahili safi tunatoka wapi. Zamu yangu ilipofika nikasema: Tanzania, bara, Inyonga, hamwezi kupajua.

Mzee yule akapiga paja. "Mwangaluka!" akanisalimia. "Inyonga ya asali! Mimi nimezaliwa Tabora."

Sasa niwasomeshe kidogo, maana bila hili hamtaelewa kwa nini mtu wa jangwani anaijua asali yetu.

Sharqiya, yaani upande huo wa mashariki ya Oman, ni nchi ya Maharthi na jamaa zao. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia utawala wake Unguja katika miaka ya 1830, watu wa Sharqiya walikuwa mstari wa mbele kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Walitoka Bagamoyo, wakapita Ugogo, wakaweka kituo Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, ndiyo Tabora. Richard Burton alipofika hapo Novemba 1857, aliyempokea na kumpa nyumba alikuwa Mharthi, Snay bin Amir. Kutoka Tabora njia zikagawanyika: ya magharibi kwenda Ujiji, ya kusini kwenda Ufipa na ziwani, na hiyo ya kusini ilipita kwetu, Ukonongo. Mwaka 1871, Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji kwa vita, Stanley alizunguka kupitia Ukonongo ndipo akamfikia Livingstone. Mwaka uliofuata Livingstone naye akapita Ukonongo akielekea kusini, safari ambayo hakurudi nayo hai.

Wala msidhani watawala wetu walikuwa watazamaji. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Biashara ilikuwa ya pande mbili. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliolipwa kwa vitambaa. Lakini pamoja na pembe, walipita watu waliofungwa, na waliouza walikuwa pia weusi kama sisi. Nani atakayekana? Historia yote ya njia hii ina jasho la kulipwa na jasho la kulazimishwa, na mara nyingi katika msafara mmoja.

Nirudi Mudhairib. Tulipokuwa tukicheka na mzee wa Tabora, alikuwepo mzee mwingine aliyekuwa akizungusha birika la kahawa. Mweusi, mrefu, kanzu yake safi, amekwishavuka miaka sabini. Alikuwa kimya muda wote. Aliponijazia kikombe mara ya tatu aliinama, akauliza kwa Kiarabu, taratibu, mzee wa Tabora akatafsiri:

"Anauliza, huko kwenu bado wanatundika mizinga juu ya miti?"

Nikasema ndiyo, tunatundika, ya magogo na ya magome.

Akaweka birika chini. Akasema bibi yake, mama wa baba yake, aliletwa akiwa mtoto. Alishushwa Sur kwa jahazi, akafanya kazi katika mitende ya hapo mpaka alipozeeka. Lugha yake aliisahau. Kitu alichokuwa akiwahadithia wajukuu ni kwamba kwao asali haikai ardhini, inakaa juu, na baba yake alikuwa akipanda kwa kamba.

Sabla ikawa kimya. Mzee wa Tabora akatazama mkeka.

Ndugu yangu unayesoma, hesabu miaka. Seyyid Barghash alitia saini kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Bibi huyu inaelekea aliletwa baada ya hapo, kwa magendo. Majahazi ya Sur yalikuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiyapekue, na jambo hilo lilileta ugomvi mpaka likapelekwa kwenye mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu mwaka 1905. Kisheria utumwa ulifutwa Unguja mwaka 1897, Tanganyika mwaka 1922, na Oman yenyewe mwaka 1970. Maana yake mzee aliyenijazia kahawa alizaliwa, akakua, akaoa kabla sheria haijamwambia yeye na watu wake kwamba wako huru.

Basi kijana wa kwanza, nakujibu: adabu si kuficha. Katika Suratul Balad Allah Ameitaja njia ya mlimani iliyo ngumu, na kitu cha kwanza Alichokitaja ndani yake ni kumwacha huru mtumwa. Waliokuwa wakiisoma sura hiyo usiku na kumfunga mtoto wa mtu asubuhi, hesabu yao iko kwa Mola wao, wala si kazi yetu kuwasafishia.

Na kijana wa pili, nakujibu kwa jina moja: Sheikh Ramiya. Yahya bin Abdallah alichukuliwa mtoto kutoka Manyema, akafikishwa Bagamoyo, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman el-Lemki. Alisoma, akawa huru, akawa khalifa mkubwa wa Qadiriyya, na watu wa bara na pwani wakaenda kusoma miguuni pake mpaka alipofariki mwaka 1931. Dini hii ilienezwa kwetu kwa sehemu kubwa na watu wa namna yake, waliobeba mizigo, si wenye mizigo. Ukisema ni dini ya waliofunga minyororo tu, unamnyang'anya Sheikh Ramiya kazi ya maisha yake.

Tulilala kwenye sabla ile. Usiku nikaifikiria pasipoti yangu kabatini kwa kafili. Sisemi ni kitu kimoja, la, nisije nikamdhulumu mtu. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu na nilirudi na mshahara. Lakini nililala macho.

Asubuhi tulimuaga yule mzee. Alinipa tende katika mfuko, nami sikuwa na kitu cha kumpa. Niliporudi Inyonga niliwahadithia wazee wa Kikonongo, wakiwemo warina asali wawili. Wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja akauliza swali moja tu: "Huyo bibi aliitwa nani?" Kwa sababu hapa kwetu jina linarithiwa, na kwa jina wangeweza kumtafuta katika ukoo.

Sikuliuliza. Nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa ya mjukuu wake na sikuliuliza jina.

Kwa hiyo nanyi mlioko Sharqiya, Ibra, Mudhairib, Bidiya, Sur, najua mnanisoma. Kama katika nyumba yenu palikuwa na bibi aliyehadithia mizinga juu ya miti, niandikieni jina lake kwa faragha. Warina asali wale, mmoja bado yu hai, alhamdulillah, na bado anauliza.

Wabillahi tawfiq.