Jiwe la Mshairi na Jiwe la Adui: Wachalukya wa Badami

Wengi wetu tukikutana na shairi la kumsifu mfalme tunalitupa upande: ni kujikomba kwa tabaka tawala, basi. Mimi nadai kwamba huko ni kulisoma nusu. Mfano wangu ni ukoo wa Chalukya, uliotawala nyanda za Dekani, India, kwa karne mbili hivi.

Mwaka 543 Pulakeshin wa Kwanza aliugeuza mlima wa Vatapi, ambao leo ni Badami, kuwa ngome. Mjukuu wake, Pulakeshin wa Pili, alimpiga vita baba yake mdogo, Mangalesha, akatwaa kiti mnamo 610. Mwaka 634 mshairi Ravikirti akamtungia shairi la Kisanskriti, likachongwa kwenye hekalu la Kijaini la Meguti, huko Aihole. Humo mfalme anashinda kila upande. Hata Harsha, bwana wa kaskazini, anazuiwa. Hebu tutazame fani. Jina Harsha maana yake ni furaha, na mshairi analichezea mpaka furaha inamtoka mwenye jina. Kisha anajiweka sahani moja na Kalidasa na Bharavi! Majivuno, ndiyo. Lakini kwa majivuno hayo tunajua Kalidasa hakuishi baada ya 634. Na habari ya Harsha si uongo: Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyekuwa mgeni wa Harsha mwenyewe, naye aliandika kwamba watu wa huko hawakutiishwa.

Sasa tuvuke upande wa pili. Mwaka 642, miaka minane tu baada ya shairi, Narasimhavarman, mfalme wa Wapallava wa Kanchi, aliiteka Vatapi akachonga maandishi yake kwenye mwamba wa mji huohuo. Vikramaditya wa Kwanza aliukomboa mji mnamo 655. Karne iliyofuata Vikramaditya wa Pili akaingia Kanchi, naye akachonga kwenye hekalu la Kailasanatha, kwa Kikannada, kwamba mali ya hekalu ameirudisha. Jiwe kwa jiwe!

Lakini jamani, aliyeuangusha ukoo huu hakutoka Kanchi. Mnamo 753 Dantidurga wa Rashtrakuta, ambaye ukoo wake uliwatumikia Wachalukya, alimshinda Kirtivarman wa Pili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Turudi kwa Ravikirti. Anasimulia jinsi Appayika na Govinda walivyomvamia Pulakeshin na tembo wao: mmoja akakimbia, mwingine akajiunga naye na kutuzwa. Mshairi anaiona hiyo kuwa sifa. Mimi naona mfumo mzima: dola iliyopanda kwa kuwageuza maadui kuwa watumishi wenye majeshi yao, na ikaanguka siku mtumishi mmoja alipopata nguvu kuliko bwana. Ravikirti hakukusudia kutuambia hayo, ila kayasema. Tusipolisoma shairi la sifa kwa makini, ushahidi huo tunautupa wenyewe.