Kusoma Moto: Chuma cha Biharamulo, Kutoka Tanuru hadi Tao la Umeme

Katika misitu iliyo kati ya Biharamulo na Geita, chuma kilikuwa na wenyewe. Waliitwa Warongo, na hawakuwa kabila. Walikuwa chama cha kazi, kilichopokea watu wa makabila mbalimbali mradi wakubali kufundwa, kushika miiko na kutii wakubwa wa tanuru. Mtu aliyekuwa kazini hakumkaribia mkewe, kwa sababu tanuru lenyewe lilihesabiwa kuwa mwanamke aliyebeba mimba, na chuma ndicho mtoto. Jembe lililozaliwa humo lilisafiri mbali. Lililimia, lililipia mahari, lilitolewa kwa mtemi.

Ukanda huu wote ulikijua chuma. Mpelelezi Mwingereza John Speke alipita hapa mwaka 1861, akakwama Usui, nchi ya mtemi Suwarora iliyo ndani ya Biharamulo na Ngara za leo, akilalamikia hongo kila alipopiga hema. Alipofika Karagwe kwa Rumanika mambo yalilainika. Huko nyundo ilikuwa alama ya ufalme, na hazina ya mfalme ilikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma.

Wahunzi hao walijuaje kwamba moto umefika? Hawakuwa na kipimajoto. Walikuwa na macho na masikio. Chuma chenye wekundu mzito kina joto la nyuzi 600 au 700 za Selsiasi. Kikiwa cha njano kimevuka 1,000, na kikiwa cheupe kiko karibu na 1,300, joto la kushikiza vipande viwili kwa nyundo. Rangi hizo hazidanganyi, kwa kuwa kitu kigumu kinachowaka hutoa mwanga unaofuata joto lake, kiwe jiwe, udongo au chuma. Anayevuta mivukuto akilegea, rangi husema mara moja.

Kaskazini kidogo, Uhayani, wazee waliofanya kazi hiyo ujanani mwao waliombwa mwaka 1976 kuirudia. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma nyasi za kinamasi kwenye shimo lake, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani kabisa ya moto. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walipima, na mwaka 1978 wakaandika katika jarida la Science kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kukutana na mkaa, na kwamba ustadi huo ulikuwepo magharibi mwa Ziwa Viktoria zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wataalamu wengine walipinga vikali hoja ya hewa kupashwa moto, na mabishano yaliendelea kwa miaka. Lililo wazi zaidi ni kwamba chuma kilitoka. Wazee walikosea mara kadhaa, wakarekebisha wenyewe, wakafaulu.

Ulaya nako wayeyushaji walitegemea jicho. Tofauti ilianza pale mwanga ulipopitishwa kwenye kioo na kupasuliwa rangi zake. Joseph Fraunhofer aliona mistari myeusi katika mwanga wa jua mwaka 1814. Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, mwaka 1859 na 1860, walionyesha kwamba kila elementi ina mistari yake isiyofanana na ya nyingine. Muda mfupi baadaye Henry Roscoe aliupeleka ujuzi huo kiwandani Sheffield, akaangalia mwali wa tanuru la Bessemer. Mistari ya kijani ilipotoweka, kaboni ilikuwa imekwisha na chuma kilikuwa tayari kumiminwa. Mhunzi wa Biharamulo angeielewa kazi hiyo bila maelezo mengi: mtu amesimama mbele ya tanuru, anasubiri mwanga ubadilike.

Kisha likaja tao la umeme, na hapo jicho likashindwa. Nikolai Bernardos aliunganisha vyuma kwa tao hilo miaka ya 1880. Oscar Kjellberg wa Sweden akazipaka dawa fimbo za kuchomelea mwanzoni mwa karne ya 20. Umeme unaporuka pengo kati ya fimbo na chuma, gesi iliyomo hupasuka na kuwa plazima: atomi zimenyang'anywa elektroni, na joto limefika maelfu mengi ya nyuzi. Anayelitazama bila kioo cheusi hulala usiku akihisi mchanga machoni. Rangi yake haisemi joto kama ya chuma kilichomo makaani, kwa sababu mwanga wa plazima ni mistari juu ya mistari, na chuma peke yake kina maelfu.

Mistari hiyo ndiyo inayosomwa. Mtafiti hulinganisha nguvu ya mistari miwili ya chuma. Ule unaohitaji nishati kubwa zaidi ukipata nguvu kuliko mwenzake, joto limepanda. Hutazama pia upana wa mstari mwekundu wa haidrojeni, ulio kwenye nanomita 656.3. Elektroni zikisongamana, mstari hunenepa. Kwa njia hiyo lilionekana jambo ambalo wengi hawakulitarajia: tao linalobeba mvuke mwingi wa chuma linaweza kuwa na kiini chenye joto dogo kuliko sehemu zinazokizunguka, kwa kuwa mvuke huo humwaga nishati nje kama mwanga.

Tukirudi kulikoanzia tanuru, Biharamulo na Ngara zilitegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli za TANESCO. Maporomoko ya Rusumo sasa yana mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme ulipofika, mageti, madirisha na matela vikawa kazi ya mchomeleaji.

Mstari mwekundu wa haidrojeni unamhusu mchomeleaji huyo zaidi ya anavyodhani. Fimbo iliyonyonya unyevu wa masika huingiza haidrojeni kwenye tao, na haidrojeni huacha matundu, au nyufa zinazojitokeza siku kadhaa baada ya mteja kuondoka na geti lake. Fimbo za haidrojeni ndogo hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 300 au zaidi. Fundi anayezianika juani, juu ya bati, hajafika hata robo ya njia.