Kaseti za Vibandani na Jasho la Mtunzi

Mwanamuziki Marijani Rajab, aliyetamba na bendi za Safari Trippers kisha Dar International, alifariki mwaka 1995. Miaka yake ya mwisho hakuwa tena na vyombo vya muziki. Mtunzi wa "Zuwena" alijitafutia riziki kwa kuuza kaseti kwenye kibanda karibu na nyumbani kwake, Dar es Salaam.

Lawama za hali kama hiyo hutupiwa haraka waliorudufu kaseti bila idhini. Lakini shabiki wa mwaka 1980 angenunua wapi nakala halali? Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, na mpaka wa Kenya, ambako santuri zilitengenezwa, ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Studio ya kutegemewa ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilirekodi pale, mkanda ukabaki maktaba, wimbo ukarushwa miaka nenda rudi. Sheria ya Hakimiliki ya 1966 ilikuwepo. Mirabaha ya kila wimbo unaporushwa haikuwepo.

Wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Polisi Jazz ya polisi. Mshahara ulikuwa afadhali, ila ulikoma ajira ilipokoma. Wimbo wenyewe haukustaafu.

Basi watu wakarekodi redioni, kidole kwenye kitufe. Mtangazaji akidakia katikati ya gitaa, na sauti yake imo. Asiye na redio kaseti alipeleka kaseti tupu kibandani pamoja na orodha ya nyimbo, akairudia jioni. Ni vigumu kumwita mwizi mtu huyo, maana hapakuwa na duka alilolikwepa. Mwenye kibanda ni habari nyingine: alilipwa kwa kila kaseti, na mtunzi hakuonja hata senti.

Sheria ya Hakimiliki ya 1999, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, iliwatenganisha wawili hao: kunakili kwa matumizi binafsi kuliruhusiwa, kunakili kwa biashara kukabaki kosa. Wakati huo Bongo Fleva ilikuwa inachipuka, kaseti zikiuzwa madukani kwa maelfu, na kisingizio cha kukosa nakala halali kilikuwa kimekwisha. Hata hivyo msanii hakuwa na njia ya kujua zimeuzwa ngapi zaidi ya neno la msambazaji. Stempu za Mamlaka ya Mapato (TRA), zilizoanza kubandikwa kwenye kanda na diski mwaka 2013, zililenga kuziba pengo hilo, lakini zilikuja wakati wateja wanahamia kwenye flashi na simu.

Mwaka 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya nyimbo zilizochezwa redioni, na mabadiliko ya sheria yakaleta tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi za sanaa. Ni wazo la haki, kwani linamfidia mtunzi bila kumfukuza mwanafunzi anayejinakilia wimbo. Ila tozo humbana mwagizaji wa vifaa. Kijana wa stendi anayejaza flashi za abiria kwa malipo hufanya biashara ileile ya kibanda, na mtunzi hayumo kwenye hesabu yake.