Usukani na Breki katika Milima ya Karagwe

Aandikaye tarikhi ya chuma cha Karagwe aghalabu huanzia Bweranyange, makao ya wafalme wa Kihinda, na humtaja mfalme Rumanyika, aliyewapokea wapelelezi Speke mnamo Novemba 1861 na Stanley mwaka 1876, kisha akawasifu wale ng'ombe wadogo wa chuma na zile nyundo za enzi zinazonasibishwa na baba yake, Ndagara, ambaye simulizi humtaja kuwa mfalme na mhunzi kwa pamoja. Sina ugomvi na sifa hiyo. Ila naona tumekitukuza mno chuma kifuliwacho, tukakisahau kile kitunzwacho, ambacho ndicho kilichobeba mizigo ya watu wa Nyabiyonza, huko huko Karagwe, katika karne iliyofuata, yaani baiskeli.

Zama za Rumanyika wafanyabiashara wa pwani, akiwamo Ahmed bin Ibrahim, walikuwa na kituo chao Kafuro, na kila shanga iliyoingia na kila pembe ya ndovu iliyotoka ilipita juu ya kichwa au bega la mtu. Baiskeli, iliyokuja enzi za ukoloni na ambayo wengi waliipata kwa fedha za kahawa, iliushusha mzigo kichwani ikauweka kwenye keria, na hapo ikazuka taabu mpya: kuuzuia mzigo usimkimbize mwenyewe mteremkoni.

Baiskeli za Kiingereza, na baadaye Phoenix za China, zilikuwa na breki za fito, ambazo huvuta raba zikabane ringi. Nazo hushika vema wakati wa kiangazi, lakini ringi ikilowa nguvu hiyo hupungua sana. Mikungu ya ndizi ikifungwa nyuma, gurudumu la mbele hukosa uzito na usukani ukayumba. Ndipo mchukuzi mwenye akili hushuka akaisukuma kwa miguu, hata kama njia yenyewe ni ya kuteremka.

Fundi mahiri haanzi kwa spana. Kwanza hubana breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma, na akihisi mgongano chini ya usukani hutambua kuwa vikombe vya gololi vinavyoushika usukani vimelegea. Kisha huinua gurudumu la mbele, akaugeuza usukani taratibu, nao ukigota mahali pamoja, basi gololi zimekwisha kuvichimba vikombe, na grisi haitafaa kitu mpaka vibadilishwe. Raba nazo huzitazama kabla chuma chake hakijaanza kukwaruza ringi. Na katika miaka ya uhaba iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vipuri vilipoadimika madukani, kipande cha tairi kuukuu mahali pa raba kilikuwa si haba.

Elimu hiyo haina jumba la makumbusho, wala sidhani kama inalihitaji. Leo mizigo mingi imehamia kwenye pikipiki, ambayo breki yake ya nyuma aghalabu imefichwa ndani ya gurudumu. Lakini usukani wake ungali ukizunguka juu ya vikombe, na hupimwa vilevile, kwa kubana breki ya mbele na kusukuma.