Utumaji upya wa data kupitia setilaiti

Utumaji upya wa data kupitia setilaiti ni utaratibu wa kurudia pakiti za data zilizoharibika njiani kati ya simu na kituo cha ardhini. Katika mitandao ya 4G na 5G hujulikana kama HARQ. Mpokeaji hatupi pakiti yenye kasoro, bali huihifadhi na kuiunganisha na nakala inayofuata. Nakala mbili mbovu zinaweza kutoa ujumbe kamili.

HARQ ilibuniwa kwa minara ya ardhini, ambako jibu la mpokeaji, la kueleza kama pakiti imefika salama, hurudi ndani ya milisekunde chache. Setilaiti inayobaki juu ya sehemu moja ya ikweta iko kilomita 35,786 angani. Data na jibu lake huvuka umbali huo mara nne, safari inayoweza kufikia takriban milisekunde 540. Kwa kuwa kila mchakato wa HARQ husubiri jibu kabla ya kupokea pakiti mpya, mtumaji mwenye michakato 16 ya milisekunde 1 kila mmoja hukaa bure zaidi ya nusu sekunde katika kila mzunguko. Michakato zaidi ya mia tano ingehitajika kuziba pengo hilo, nayo ingedai kumbukumbu kubwa mno kwenye simu.

Toleo la 17 la viwango vya mitandao ya simu vya 3GPP, lililokamilishwa mwaka 2022, liliongeza michakato ya 5G hadi 32 na kuruhusu mtandao kuzima majibu ya baadhi yake. Hapo pakiti hurudiwa mfululizo bila kusubiri, au hutumwa kwa kasi ndogo yenye ulinzi zaidi. Makosa yanayosalia hushughulikiwa na tabaka la juu, RLC. Kwa setilaiti zilizo kilomita 600 angani, ambako safari nzima haifiki milisekunde 30, majibu ya HARQ bado yana manufaa.