Karafuu za Usiku: Historia Fupi ya Taa Iliyo Mbali na Kamera

Picha za zamani za karafuu nilizowahi kuziona, zote ni za mchana. Mchumaji yuko juu ya mkarafuu, au karafuu zimetandazwa juani na mtu kasimama pembeni, macho kayafinya kwa mwanga. Wapiga picha wa Kigoa waliofanya kazi Unguja tangu karne ya 19, akina A. C. Gomes na baadaye ndugu wa Coutinho, waliziuza picha za namna hiyo kama kadi za posta, zikasafiri hadi Ulaya. Ndizo hizo hizo tunazozirushiana leo kwenye simu tukisema "Pemba ya zamani".

Lakini aliyekulia Pemba anajua kwamba nusu ya kazi ya karafuu ni ya usiku. Karafuu huchumwa na vikonyo vyake, kichala kizima. Zikilundikwa zikaachwa hivyo zinavunda, kwa hiyo lazima zichambuliwe usiku ule ule ili asubuhi zianikwe. Baada ya sala ya isha, jamvi linatandikwa, vipolo vinamwagwa, na watu wanakaa: mama, bibi, watoto wa skuli, jirani aliyekuja kusaidia na kupiga soga. Kichala mkono huu, kiganja cha mkono wa pili kinazivunja karafuu, makonyo yanatupwa upande wake. Mwanga ulikuwa wa kandili au kibatari. Harufu yake haitoki vidoleni hata ukioga mara mbili.

Usiku huo haumo kwenye kadi za posta. Kwa nini haumo, ndiyo hadithi yangu ya leo, na ni hadithi ya taa kuliko ya kamera.

Kwanza tuiweke Pemba mahali pake. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika zaidi. Tokea hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa zikitoka Pemba, na utajiri uliojenga majumba ya mjini Unguja ulipitia kwenye viganja vya watu wa kisiwa cha pili. Hadi 1897, hali ya utumwa ilipofutwa kisheria, vingi vya viganja hivyo vilikuwa vya watumwa. Kwa hiyo tukisema kazi ya usiku haikupigwa picha, hatuzungumzii jambo dogo la pembeni. Ni kazi iliyolisha nchi.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi na haina ubishi: bamba za picha za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi, na kandili haitoshi. Lakini sababu hiyo iliisha mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitoa unga wa flashi: magnesiamu iliyochanganywa na kemikali za kuifanya iwake kwa mlipuko mmoja. Miaka hiyo hiyo Jacob Riis alikuwa akiingia nao kwenye vyumba vya mafukara wa New York, akawapiga picha usiku, na zaidi ya mara moja akawasha moto ndani ya nyumba za watu. Fikiria mlipuko huo chini ya paa la makuti, na lundo la makonyo makavu kando. Labda ni kheri hawakuja.

Flashi hiyo, hata hivyo, ilifika upande wetu wa bahari. Ilikwenda kwa simba.

Carl Georg Schillings, Mjerumani, alizunguka nyika za chini ya Kilimanjaro katika safari kadhaa, ya mwisho ikiwa ya 1903 na 1904. Alikuwa na vifaa vya usiku alivyotengenezewa na kampuni ya Goerz. Alifunga punda au ng'ombe kama chambo, akatega kamera na taa, na simba alipokuja kula, unga ukawaka na picha ikatoka. Mwaka 1905 alichapisha kitabu, *Mit Blitzlicht und Büchse*, yaani kwa flashi na bunduki, na Ulaya ikashangaa: simba wa kweli, usiku wa kweli, jicho linang'aa. Wanahistoria wa picha humtaja kila wanapoeleza upigaji picha wa wanyama ulivyoanza.

Angalia mpangilio wake. Taa haikukaa juu ya kamera. Ilikuwa chombo peke yake, kimewekwa mahali pake, kimeunganishwa na kamera ili vifanye kazi kwa pamoja. Huo ndio ufundi ambao wapiga picha wa leo wanauita flashi ya nje ya kamera, na wanauliza namna ya kuufanya kama kwamba ulizaliwa juzi. Ulifanyika Tanganyika zaidi ya miaka 120 iliyopita. Mizigo ile, kamera nzito na mabamba ya kioo na unga unaoweza kukulipukia mkononi, haikujibeba. Ilibebwa na wapagazi. Simba anayo picha. Aliyeibeba taa kumfikia simba, kwa kawaida, jina lake hatuna.

Sina ugomvi na simba. Ila inanikera kidogo kwamba mnyama wa nyika alipata mwanga wake kabla ya bibi anayechambua karafuu.

Mjini mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyetoka Gujarati na kujifunza kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio Unguja, na mwanawe Rohit akaja kuirithi. Alimpiga picha Sultani, akawapiga na watu wa kawaida waliovaa nguo za sikukuu. Ndani ya studio yoyote nzuri ya enzi hizo taa ilisimama kwenye stendi, upande. Ndiyo maana babu zetu kwenye picha za studio wana mashavu na pua na heshima zao: upande mmoja umewaka, upande wa pili umetulia. Halafu zikaja flashi ndogo za kupachika juu ya kamera, rahisi, za betri, na studio ikatoka nje kwenda harusini. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Fungua albamu yoyote ya harusi ya miaka ya themanini au tisini: nyuso nyeupe kama zimepakwa chokaa, macho mekundu, na nyuma ya kila mtu kivuli cheusi kimebandikwa ukutani. Taa iliyo juu ya kamera inakitazama kila kitu kwa ukali ule ule. Haichagui.

Na kuchagua, kwetu, si suala la urembo tu. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, ameandika kitabu kizima kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki na watu wanaopinga kuonyeshwa, khasa wanawake, na jinsi kamera ya harusini inavyozua mvutano. Nani ataiona picha hii? Itafika wapi? Mimi nadhani nusu ya lawama inaangukia kamera wakati mkosaji ni taa. Kamera bila mwanga haiwezi kukutoa nje ya sitara yako.

Haya niliyaelewa msimu mmoja wa karafuu, kwa shangazi yangu, kaskazini ya Pemba. Nilikuwa na Leica M9, mali ya binamu yangu wa Maskati ambaye aliniachia kwa miezi miwili na nasaha za saa nzima. Ni kamera ya kidijitali ya renjifainda. Ukoo huu ni wa zamani: Leica ya kwanza iliingia sokoni 1925, ya renjifainda iliyounganishwa na lenzi ikaja 1932, na za kidijitali zilianza na Epson R-D1 mwaka 2004, kisha Leica M8 mwaka 2006 na M9 mwaka 2009. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha cha pembeni, katikati yake kuna kipande kidogo chenye picha mbili, na unazungusha lenzi mpaka picha mbili ziwe moja. Gizani kazi hii ni ngumu, ila kandili ikiwepo unaulenga ukingo wa kioo chake na mambo yanakwenda.

Nilipoitoa flashi, shangazi aliitazama. "Mwanangu, hiyo taa ya kunimulika usoni ni ya polisi. Piga mikono. Uso wangu uache."

Majirani wawili walijifunika na kusogea nje ya duara. Basi flashi ikashuka kwenye kamera. Juu ya kamera nikaweka kirusha mawimbi, kipokezi kikakaa kwenye flashi, na flashi yenyewe nikampa mtoto wa dada yangu, darasa la sita, aishike chini, karibu na kandili, ielekee viganjani. Niliifunika kwa kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa, kwa sababu mwanga wa flashi ni mweupe wa mchana na wa kandili ni wa moto. Ukiviacha hivyo, picha inasema uwongo.

Kamera hii haikupimii flashi iliyo mikononi mwa mtoto. Unapiga hesabu ya wazee. Flashi yangu ilikuwa na namba 28 kwa mita kwenye ISO 100. Nikaishusha hadi sehemu moja ya kumi na sita ya nguvu zake, namba ikawa 7. ISO 160 ikaiongeza kidogo, plastiki ikaipunguza takriban kiasi hicho hicho. Tukarudi kwenye 7. Igawe kwa tundu la lenzi, f/4: mita 1.75. Nikatafuta utepe wa kupimia, hakuna. Shangazi akauliza nataka urefu gani, nikamwonyesha, akanyoosha mikono yake. Pima moja. Tukakata kamba ya pima moja, ncha moja kwenye flashi, ya pili kwenye jamvi, na mtoto akapewa amri moja tu: kamba isilegee. Mwanga ukisogezwa mara mbili ya umbali unabaki robo; kamba ikilegea, picha inaungua.

Kasi ya shata niliiweka 1/8. M9 inakubali flashi hadi 1/180, lakini kwa kasi hiyo moto wa kandili ungepotea, na mimi niliutaka uwemo.

Jambo moja la renjifainda sikulitegemea. Kamera yenye kioo cha ndani hukufumba jicho pale pale picha inapopigwa. Hii haikufumbi. Flashi ilipowaka niliuona mwanga ukitua kwenye vidole vyake, karafuu moja hewani, na juu ya mkono giza limebaki giza. Uso wake ulikuwa pale, nusu dhiraa juu ya mwanga, na haukuguswa.

Pemba iliunganishwa na umeme wa bara mwaka 2010, kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, na majamvi mengi sasa yako chini ya balbu. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, ndiyo maana kandili ilitolewa. Uliporudi sote tukapepesa macho, mtoto akaiachia kamba, na shangazi akaomba aone. Alikitazama kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera kwa muda.

"Mikono ni yangu," akasema. "Na huyu mshika taa mbona hayumo?"

Nikampiga na yeye, amekaa na flashi mapajani, kamba imemzunguka mguu. Kisha nikaweka kamera kando kwa sababu vilikuwa vimebaki vipolo viwili na saa tano imekaribia. Asubuhi karafuu zilianikwa uwanjani, jua kali, na mimi nikapiga picha ya mchana kama wenzangu wote.